Saa Mbili Nzima Zisizokubaliana

Ninyi vijana wa sokoni Baraka, mnaofungua simu kwa bisibisi ndogo kuliko zote nilizowahi kushika, mmeniuliza mara tatu sasa kwa nini nilisema maneno yale siku tulipoondoa matanga ya ndugu yangu. Mmoja wenu aliniambia usoni kwamba alidhani uzee umenipanda kichwani. Sikukasirika. Mtu akisimama mbele ya wafiwa na kuanza kuzungumza habari za nuru na vioo, ni haki aulizwe. Basi naandika, polepole, kwa sababu masomo yangu yaliishia darasa la sita na mkono wangu ulizoea bisibisi kuliko kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Ndugu yangu Wilondja na mimi tulikuwa mapacha, au mapasa kama tunavyosema hapa. Yeye alikuwa nahodha wa boti ya mizigo, Baraka kwenda Kigoma ng'ambo ya ziwa na kurudi. Mimi nilikuwa fundi wa saa. Kwa miaka mingi alidai kwamba yeye msafiri alikuwa mdogo kwangu mimi niliyekaa, na kwa miaka mingi nilimkatalia mbele za watu. Alipokufa, mjane wake aliniomba nisimame siku ya matanga niseme kwamba marehemu alikuwa na haki. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Katika wiki hizo ilinibidi nijue kama ni kweli, kwa maana kama si kweli nisingesema, hata kwa ajili yake.

Nianze na kosa langu la kwanza kazini, ambalo wengi wenu hamjalisikia kwa sababu nilikuwa nalificha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salvatori, mkimbizi kutoka Burundi. Meza yake ilikuwa sanduku la sabuni lililotandikwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa lazima kiwe cheupe, ili skrubu ikidondoka uione. Alinikataza kupuliza vumbi kwa mdomo, kwa sababu mate huleta kutu. Alinikataza kumpa mteja saa siku ileile ilipopona. Saa ikae siku tatu, moja imelala chali, moja imesimama, moja mkononi mwa fundi, maana saa inayokwenda vizuri mezani inaweza kuchelewa ikivaliwa. Hayo yote bado ni kweli, na nadhani hata simu mnazorudisha baada ya nusu saa zingefaidika kwa siku tatu. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa hii: saa mbili zikibishana, moja inaumwa, na kazi ya fundi ni kujua ni ipi.

Siku moja, mzee akiwa kanisani, mama mmoja muuza dagaa alileta saa ya mume wake. Ilikuwa mbele ya saa yetu ya ukutani kwa saa nzima. Nilifurahi sana, ugonjwa mkubwa hivyo na mimi peke yangu. Niliifungua, nikaiosha kwa petroli, nikatia mafuta, kisha nikausukuma ule mkono mdogo wa kupunguza mwendo mpaka mwisho wake. Mzee Salvatori aliporudi aliitazama kwa lupu, kile kioo cha jichoni cha kukuzia, muda mrefu bila kuona kosa lolote. Akaniuliza saa imetoka wapi. Nikamwambia Kigoma, imefika na boti ya asubuhi.

Alikaa chini kwanza. Kisha akasema, "Kule Kigoma banatutangulia saa moja, batu bote, na serikali yabo. We haukutengeneza saa. Umetengeneza Tanzania."

Mnacheka, lakini sisi wa ziwani tunaishi hivyo, saa mbili za nchi mbili zikitazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Saa ile ilikuwa nzima na yetu ilikuwa nzima. Mzee aliniamuru nimweleze yule mama mwenyewe, na mama akaeleza soko zima. Kwa mwaka mmoja hivi watu walipita dukani wakiniuliza kama Tanzania imepona.

Sasa Wilondja. Mama yetu hakuwahi kusema ni nani kati yetu aliyetangulia kuzaliwa. Wajomba walimuuliza, padri alimuuliza, na jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba wote walikuja asubuhi moja. Kwa hiyo tulikua bila mkubwa wala mdogo. Wilondja alipenda hali hiyo mpaka siku aliyompakia abiria mmoja, mtu wa chuo, aliyeugua mawimbi tangu kuondoka. Ili asahau kutapika, mtu yule alianza kumweleza nahodha habari za fizikia. Sijui alieleza kiasi gani na Wilondja alisikia kiasi gani. Ninachojua ni kwamba boti ilipofika, ndugu yangu alikuja moja kwa moja dukani kwangu kabla hata ya kwenda kwake, akanisalimu kama mtu anavyomsalimu kaka yake mkubwa.

"Jambo, yaya."

Nikamwuliza yaya wake ni nani.

"Njo we. Muntu wa chuo amesema: mapasa babili, moja anakaa, moja anasafiri mbio, ule wa safari anarudia kijana. We unakaaka hapa na kiti yako. Basi we njo mukubwa." Akavua saa yake akaiweka chini ya saa ya ukutani. Ilikuwa nyuma kwa dakika tatu. "Angalia. Hata saa inajua."

Niliifungua palepale. Ndani kulikuwa na unyevu, na kipande cha gamba la samaki kama punje ya chumvi. Nikaisafisha, nikampa, nikamwambia saa yako ilikuwa mgonjwa, basi. Alicheka mpaka majirani wakaja kuuliza.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila aliporudi, yaya. Kila aliporudi, saa chini ya saa ya ukutani, na watu wakisimama mlangoni kusikiliza hukumu. Na alikuwa na faida yake. Mkubwa ndiye anayesimama kwenye vikao. Mkubwa ndiye anayezungumza na wakwe wenye hasira. Wakwe wakifika, Wilondja ananitumia mtu kuniambia yaya, wageni wako wamefika, na yeye yuko kwenye boti anafunga kamba ambayo ilishafungwa. Nilikuwa nikienda huku nimekasirika, naeleza kwamba sisi ni wa umri mmoja, na wakwe wananitazama mvi na kuninyamazia kwa heshima. Mvi zangu zilitangulia zake kwa miaka mingi. Hilo nalo alilitumia.

Mwaka alioumwa alilirudia dai lake mara ya mwisho. Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda. Aliniambia niseme hata mara moja tu kwamba Wilondja alikuwa na haki. Nilimwambia nikisema itakuwa uongo, saa yake ilikuwa na uchafu na mimi niliuona kwa macho yangu. Alicheka. Sijui kama alicheka kwa kweli. Baada ya siku chache tukamzika.

Sitaandika mengi hapo. Niliendelea kuamka.

Mjane wake, Mama Faila, alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliniambia siku ya matanga nitasimama mimi, hakuna mwingine, na neno analotaka niliseme ni lile moja.

"Kama ni kweli," nikasema.

"Na kama haiko kweli?"

"Basi nitasema alikuwa nahodha muzuri."

Alinitazama kama mtu aliyevunja muhogo akaukuta mweusi ndani. "Shemeji, marehemu ataomba kwako kitu gani tena?" Akaondoka bila kuaga. Kwetu mtu haondoki hivyo.

Ndipo nilipomwendea Faila, binti yao, anayefundisha fizikia sekondari, na ambaye huniita baba kama alivyomwita ndugu yangu. Nilinunua daftari. Mwanzoni alidhani nimekuja kuomba kitu kingine, akaleta chai. Nilipomwambia nataka kujua habari ya mapacha na safari, alishika mdomo, kisha akaenda kuchukua chaki.

Alianza na nuru. Alisema nuru haina haraka zaidi kwa huyu wala uvivu kwa yule. Ukiifukuza, ukiikimbia, ukiwa umelala, kila mtu akiipima anapata mwendo uleule. Nikamwambia haiwezekani, hata mwendo wa pikipiki unauona umepungua ukiifuata. Akasema ndiyo, pikipiki inapungua, nuru haipungui, watu wamepima. Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikakaa siku nzima bila kufungua daftari.

Siku ya pili alinieleza saa ya ajabu. Chukua vioo viwili, kimoja chini na kimoja juu, nuru inaruka kati yao, juu, chini. Kila ikigonga, hiyo ni tiki moja. Hiyo niliielewa mara moja, kwa sababu saa zote ni kitu kinachokwenda na kurudi. Ukitaka kuijua saa, tafuta ndani kile kinachokwenda na kurudi. Sasa, akasema, weka vioo hivyo kwenye boti. Kwa Wilondja aliye botini, nuru inapanda na kushuka wima. Kwa wewe uliye pwani, boti inasogea wakati nuru iko njiani, kwa hiyo nuru inakwenda mshazari. Njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya wima. Na nuru haiwezi kuongeza mwendo ili kuwahi.

Nikasema basi tiki inachukua muda mrefu zaidi.

"Njo vile, baba. Saa ya kwenye boti inachelewa, na haina uchafu hata kidogo. Na si ile ya vioo tu. Saa yote, moyo, ndevu, yote ya mule ndani ya boti."

Nilimwambia ndevu za Wilondja ndizo zilizochelewa kweli, maana mimi nilianza kunyoa kabla yake. Akacheka kidogo, kisha akashika tena chaki. Tulikuwa hatujazoea kumtaja tukicheka.

Lakini fundi hapokei saa bila kuitikisa. Usiku huo sikuwa na raha, na asubuhi nilimwahi Faila kabla ya kwenda shuleni. Nilimwambia kuna mahali panavuja. Mimi nimewahi kupanda boti ile. Ukiwa ndani, ukitazama pwani, unaona wewe umetulia na Baraka ndiyo inayorudi nyuma na nyumba zake. Basi kwa Wilondja, mimi ndiye niliyekuwa nasafiri. Kwake, saa yangu ndiyo iliyochelewa. Kila mmoja anamwona mwenzake ndiye anayechelewa. Sasa tulipokutana dukani, wote wawili hatuwezi kuwa wadogo.

Nilidhani nimemshinda. Uso wake ulifurahi kuliko siku zote. Alisema hilo ndilo fumbo lenyewe, ndilo watu wa vitabu wanaloliita fumbo la mapacha, na kwamba katika darasa lake la mwisho hakuna aliyeuliza. Niliona aibu kidogo ya furaha, kama mtoto.

"Sasa baba, kikombe ya chai yako kwenye duka, baba Wilondja alipogeuza boti kule Kigoma, ilimwagika?"

"Hapana. Namna gani imwagike?"

"Na yake?"

Yake ilimwagika, bila shaka. Alishawahi kuniambia jinsi anavyoishika kwa magoti akigeuza. Nikaona. Mradi boti inakwenda sawasawa, kila mmoja ana haki ya kusema ametulia. Lakini ili turudi kukutana, mmoja wetu lazima ageuke, na anayegeuka anajua, chai inamwambia. Mimi sikugeuka popote. Kwa hiyo sisi wawili hatukuwa sawa, na fumbo halikuwa fumbo.

Hapo nilijua ni nani aliyekuwa mdogo. Bado sikujua kwa nini, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Mimi ni mtu wa mikono. Nilichukua saa mbili za aina moja, nilizozisafisha mwenyewe, nikazipima siku tatu kama alivyonifundisha Mzee Salvatori. Zilikwenda pamoja kama wapiga kasia. Moja niliiacha mezani. Nyingine nilimpa Amisi, motari anayepakia watu kwa pikipiki mbele ya nyumba yangu, akaifunga mkononi kwenda Fizi na kurudi, kwa masharti kwamba akimbie. Hilo la kukimbia halikuwa la kumwambia motari wa Baraka, lakini nilimwambia.

Alichelewa mpaka nikaanza kumuulizia. Aliporudi, niliziweka saa zile bega kwa bega. Ya kwake ilikuwa nyuma kwa dakika nne.

Vijana wangu, nilicheza. Mguu wangu wa kulia, ambao hamjauona ukikunjika tangu mkiwa wadogo, ulikunjika. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya familia na saa mbili mkononi, nawaonyesha: tazameni, moja ilikaa, moja ilisafiri. Niliziweka mfukoni nikaenda kwa Faila. Alitazama. Akauliza Amisi alikimbia kiasi gani. Akaandika tarakimu kwenye daftari langu, sifuri nyingi kama mayai ya kuku, akasema kwa mwendo wa pikipiki tofauti haiwezi kuonekana na saa yoyote niliyowahi kuishika, sembuse dakika nne.

"Ifungue, baba," akasema.

Sikutaka kuifungua. Nasema mbele yenu nyote: kwa miaka yangu yote nilikuwa wa kwanza kufungua saa ya ndugu yangu kumwonyesha uchafu, na siku hiyo niliibeba kwenda nyumbani nikaiweka kwenye kabati. Nilijiambia hakuna atakayejua. Mama Faila angefurahi. Familia ingefurahi. Marehemu angekuwa na haki, na ushahidi ukiwa mezani. Ilikaa kabatini siku mbili. Siku ya tatu nilitandika kitambaa cheupe.

Skrubu moja ya ndani ilikuwa imelegea kwa mashimo ya barabara, na gurudumu lilikuwa likigusa mahali pasipopaswa. Ugonjwa wa kawaida kabisa. Niliikaza skrubu kwa nusu mzunguko. Saa ilirudi kwenda sawa na mwenzake, na mimi nikabaki sina kitu cha kuonyesha. Zilibaki siku tano.

Nilimwita Amisi nimkaripie, kana kwamba barabara ni yake. Nilimuuliza kwa nini alichelewa hata hivyo. Akasema alipitia Lubondja kumshusha mtu, na kwamba nisimfokee, kwa sababu hata tajiri wake alimfokea: pikipiki yake na ya mwenzake ziliondoka Baraka pamoja, zikakutana Fizi, na kilometraji yake, ile namba ya kilomita ilizokwenda, ilikuwa imeongezeka kuliko ya mwenzake. Tajiri alisema kilometraji imeharibika. "Haiko imeharibika, mzee. Njia njo haikukuwa moja."

Nilimwambia arudie. Akarudia, akidhani namtega.

Sijui kama mmewahi kufungua mashine ngumu mkazunguka nayo wiki nzima, kisha mkagusa kitu kidogo na kifuniko kikatoka chenyewe. Nilimfuata Faila darasani nikamwambia saa ni kilometraji. Haipimi wakati mmoja ulioko pale juu kwa watu wote. Kila saa inapima njia yake yenyewe. Kilometraji mbili nzima, zimeondoka mahali pamoja, zimekutana mahali pamoja, zinasoma tofauti, na hakuna ya kutengeneza.

Faila alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kuniachia ubao. Kisha aliongeza jambo moja ambalo mimi singelifikia. Barabarani, anayezunguka ndiye anayehesabu nyingi. Katika wakati ni kinyume: aliyenyoosha njia ndiye anayehesabu nyingi, na anayekwenda kwa kupinda anahesabu kidogo. Kona yenyewe haimpi mtu ujana. Kona inaonyesha tu ni njia ya nani iliyopinda. Na kukaa tu kwenye kiti, akasema, ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote. Kama boti ingeweza kukimbia sehemu nne kati ya tano za mwendo wa nuru, mimi ningehesabu miaka kumi na baba yake sita. Hiyo niliipenda. Miaka yote Wilondja alinicheka kwamba sijawahi kwenda popote, kumbe nilikuwa njiani, tena nimenyoosha.

Aliniambia pia kwamba wataalamu walishapakia saa za usahihi mkubwa kwenye ndege, zikarudi hazikubaliani na zile zilizobaki, kwa kiasi kilekile hesabu ilichosema. Na kwamba satelaiti zinazoziambia simu zenu ziko wapi, saa zake husahihishwa kwa ajili ya mwendo wake na kwa ajili ya urefu wake juu. Nikauliza urefu una nini. Akasema aliye juu saa yake inakwenda mbio kidogo kuliko aliye chini, kwa hiyo watu wa Fizi kule mlimani wanazeeka haraka kuliko sisi wa Baraka huku ziwani. Nilimwambia hiyo nayo naiacha, shemeji zangu wa Fizi wana maneno mengi tayari.

Siku ya matanga watu walikuwa wengi. Baada ya sala na baada ya wazee wengine, Mama Faila alinielekezea macho. Hakunikumbusha neno. Nilisimama bila saa na bila daftari.

"Bandugu," nikasema, "nimebishana na Wilondja miaka mingi, na banakijiji njo bashahidi. Juu ya saa yake, mi nilikuwa na haki. Ilikuwa na maji na magamba ya samaki, niliyatoa kwa mikono yangu. Lakini juu yake yeye mwenyewe, yeye njo alikuwa na haki. Kila mara aliporudia, alirudia mudogo kwangu. Aliniomba niseme akiwa hai, nikakatala, sababu sikukuwa najua. Sasa najua. Nimechelewa, lakini nasema."

Halafu nikawaeleza vioo, chai na pikipiki za Amisi, na hapo ndipo mmoja wenu alipodhani uzee umenipanda kichwani. Wengine walitazama chini. Mjomba mmoja, mtu wa kupenda kujua, aliuliza sasa alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingapi.

Faila alikuwa ameshanifanyia hesabu, miaka yake yote ya majini na mwendo wa boti yake. Ningeweza kusema kidogo tu, nikakaa. Nilimjibu kama ilivyo. Chukua sekunde moja, nikamwambia, uikate vipande milioni. Chukua kipande kimoja, ukikate tena vipande thelathini. Kimoja cha hivyo.

Mjomba alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Kisha ikasikika sauti ambayo sikuitambua mara moja, kwa sababu sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Mama Faila alikuwa anacheka.

"Kile kipande njo mulibishania miaka yote?"

"Njo kile."

Alicheka mpaka akashika bega la binti yake, na watu wakacheka naye, na mjomba akauliza nirudie vile vipande, nikarudia. Ilipotulia, alijifuta macho kwa kitenge, akaniuliza taratibu, kana kwamba tuko wawili tu, na sasa je, tofauti iko ngapi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nimejiandaa. Sikuwa. Nilimwambia saa mbili hulinganishwa zikikutana mezani, na kwamba huko alikokwenda safari hii sina namna ya kuilinganisha ya kwake. Ya kwangu naijua. Tangu siku ile, kila ninapoamka nimemzidi siku moja zaidi, na hiyo haihitaji sifuri wala mwalimu.

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa ametuma kuletewa. Akasogeza mkeka, akaniambia nikae, chakula kinapoa.